Utafiti wa joto la mtaani usomwe na watu wa mtaani: namna ya kuchapisha katika majarida ya ufikiaji huria

Makala yangu ya kwanza ilitoka nikiwa bado nimepanga chumba kimoja Sinza. Nilikuwa nimezunguka Vingunguti, Dar es Salaam, misimu miwili ya joto nikining'iniza vipimajoto kwenye vyumba vya watu, vile vidogo vinavyojiandikia vyenyewe kila baada ya dakika kumi. Wenye nyumba walinipa ruhusa, kiti, na mara nyingi chai. Siku barua ya kukubaliwa ilipofika nilipiga simu nyumbani Moshi kumpa mama habari. Wiki chache baadaye afisa mipango miji mmoja wa manispaa, mtu aliyenihangaikia barua za kuingia mitaani, alinipigia. "Mwalimu, nimeifungua ile kazi yako. Wanataka dola 35." Nikamwambia haiwezekani. Nikafungua kwa simu yangu, nikiwa nje ya mtandao wa chuo. Jina langu lipo juu, ikisiri, yaani muhtasari wa makala, ipo, na chini yake kitufe cha kununua.

Nilimtumia nakala kwa WhatsApp usiku uleule, lakini roho haikutulia. Yeye alikuwa na namba yangu. Afisa wa Temeke asiyenijua, mwanafunzi wa Mwanza, mwandishi wa habari anayetaka kujua kwa nini watoto hawalali kwenye vyumba vya bati mwezi wa pili, wote hao wangeishia kwenye kile kitufe. Na yule mama aliyeniachia ukuta wa chumba chake, ambaye kijana wake yuko chuo na angeweza kumsomea, naye angeishia hapohapo.

Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja. Utafiti wa tabianchi ya mji uliofanywa ndani ya vyumba vya watu usifungiwe mahali ambapo watu hao na viongozi wao hawawezi kuufikia. Kulitimiza hilo hakuhitaji mradi wenye fedha nyingi. Kunahitaji uchague jarida kabla hujaandika, na umalize habari ya ada ya uchapishaji kabla hujatuma mswada. Hapa naeleza ninavyofanya mimi, na ninavyowaelekeza wanafunzi wangu wa uzamili.

Jarida kwanza, mswada baadaye

Wanafunzi wengi huandika kwanza, kisha huja ofisini na kurasa 40 wakiuliza, "Mwalimu, hii tuipeleke wapi?" Kwa hatua hiyo kazi imekwisha kuwa ngumu. Kila jarida lina wasomaji wake, kikomo chake cha maneno na masharti yake ya data, na mswada ulioandikwa bila kujua unakwenda wapi hulazimika kushonwa upya wote.

Fungua tovuti ya DOAJ. Ni orodha ya majarida huria, yaani yale ambayo yeyote huyasoma bila kulipa, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003 ikiwa na majarida 300 hivi; leo yamepita 20,000. Haina malipo na ni nyepesi, bando dogo linatosha. Andika mada yako, kisha kwenye vichujio weka alama kwenye majarida yasiyotoza ada. Watu hushangaa wakiona kwamba zaidi ya nusu ya majarida ya orodha ile hayamtozi mwandishi hata senti. Hayo huitwa ya almasi: msomaji halipi, mwandishi halipi, gharama hubebwa na chuo, chama cha wanataaluma au mfuko wa umma. Ya dhahabu humfungulia msomaji mlango lakini humdai mwandishi ada. Yapo pia majarida mchanganyiko, ambayo kwa kawaida husomwa kwa kulipia, ila ukitoa ada makala yako peke yake hufunguliwa. Njia ya kijani, ya kuweka nakala yako mwenyewe kwenye hifadhi ya kidijitali, nitaigusa mwishoni.

Kwa tabianchi ya miji, haya ndiyo ninayoyatazama mara kwa mara. Environmental Research Letters la wachapishaji IOP wa Uingereza limekuwa huria tangu lilipoanza mwaka 2006. Linataka makala fupi, yenye swali moja linaloeleweka hata kwa mtu asiyejua Vingunguti iko wapi. npj Urban Sustainability, la mwaka 2021, lina mwelekeo wa kazi zinazosema jambo kuhusu miji mingi, kwa hiyo ukienda na mtaa mmoja onyesha tangu ukurasa wa kwanza mtaa huo unafundisha nini kwa Kampala au Maputo. Buildings and Cities, lililoanza 2020, nalipenda kwa kazi za nyumba zenyewe: paa, dari, madirisha, hewa inavyopita. Kwa mafuriko, Natural Hazards and Earth System Sciences lililo chini ya Umoja wa Sayansi za Dunia wa Ulaya, EGU, linafaa sana. Jàmbá la Afrika Kusini hushughulikia maafa, na nilipopeleka kazi huko sikulazimika kutumia aya tatu kueleza makazi yasiyopimwa viwanja ni kitu gani.

Urban Climate ni jarida zuri na jina lake limekaa kama limetungwa kwa ajili yetu. Lakini ni mchanganyiko. Soma sehemu ya ada hapa chini kabla ya kuamua.

Majarida feki nayatajia maneno machache kwa sababu dalili zake hazijifichi. Ukipata barua pepe inayokuita profesa mashuhuri na wewe bado uko mwaka wa pili wa uzamili, ikiahidi mapitio ya wahakiki, yaani wataalamu wanaopima mswada, ndani ya siku tano, ifute. Mwalimu mwingine alipotea hapo akalipa dola 400, na makala ile hadi leo hawezi kuitoa wala kuipeleka kwingine. Orodha maarufu ya majarida feki ya mkutubi wa Marekani Jeffrey Beall iliondolewa mtandaoni Januari 2017, kwa hiyo usiitegemee tena; tumia maswali ya tovuti ya Think. Check. Submit., na chukua majina matatu ya wahariri uwatafute kwenye kurasa za vyuo vyao. Asiyejitaja huko kuwa mhariri wa jarida hilo, mwandikie umuulize. Wengi hujibu.

Ada: imalize kabla hujabofya "tuma"

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo tunapoumia.

Makala yangu ya pili nilikosea kwa upande mwingine. Nilichagua jarida huria, nikijua kuna msamaha wa ada kwa nchi kama yetu, nikajiambia nitaomba nikishakubaliwa. Nilikubaliwa baada ya miezi 11. Asubuhi ileile ikaingia ankara ya dola 1,900. Nikaandika ombi la ukurasa mzima. Jibu lilikuwa mistari miwili: maombi ya msamaha hupokelewa wakati wa kutuma mswada, si baada ya hapo. Niliirudia ile fomu niliyojaza mwaka mmoja kabla, na kweli, hatua ya tano kulikuwa na kisanduku kidogo cha kuuliza kama naomba msamaha. Nilikuwa nimekipita bila kukisoma, nikiwa na haraka umeme usikatike. Mwandishi mwenzangu wa Ulaya aliilipa kwa fedha za mradi wake. Nilimshukuru, lakini mwaka uliofuata mradi wake ukaisha, na msaada wa namna hiyo hauwezi kuwa ndio mpango wa mtafiti.

Wachapishaji wana sababu ya kuuliza mapema. Ombi la fedha huenda ofisi nyingine, na mhariri anayepima ubora wa kazi yako hatakiwi kujua kama utalipa au la. Kwa hiyo usiogope kwamba kuomba msamaha kutakuharibia. Omba.

Kabla ya kuomba, jua mchapishaji wako anafuata orodha ipi, maana zipo mbili na Tanzania haikai mahali pamoja katika zote. Ya kwanza ni ya Research4Life, mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na wachapishaji, unaozigawa nchi katika Kundi A na Kundi B. Tanzania iko Kundi A, na wachapishaji wengi wanaoifuata orodha hii husamehe Kundi A ada yote, na Kundi B nusu. Ya pili ni ya Benki ya Dunia. Tangu tarehe 1 Julai 2020 benki hiyo imeihesabu Tanzania kuwa na uchumi wa kati ngazi ya chini, hivyo mchapishaji anayefuata orodha hii anaweza kukupunguzia nusu tu. Nusu ya dola 2,000 ni dola 1,000, na kwa mwalimu msaidizi hizo ni fedha ambazo hazipo. Usiulize rafiki aliyechapisha miaka minne iliyopita. Fungua ukurasa wa jarida lenyewe siku hiyohiyo, piga picha ya skrini, weka tarehe. Ndugu zangu wa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, itafuteni nchi yenu katika orodha zote mbili, majina huhamishwa.

Jambo la pili ni mwandishi wa mawasiliano, yule ambaye barua pepe yake huwekwa kwenye makala. Mara nyingi msamaha huhesabiwa kwa nchi yake, ingawa wapo wachapishaji wanaoangalia waandishi wote. Sasa fikiria hali yetu ilivyo: umepima wewe, umeandika wewe, lakini msimamizi mwenza wa Ujerumani au Uingereza ndiye anayewekwa kuwa mwandishi wa mawasiliano "kwa sababu mtandao wake hausumbui". Kwa kufanya hivyo msamaha mnaweza kuukosa nyote. Yapo mazingira ambapo chuo chake kina mkataba na mchapishaji na ada italipwa huko, basi kaeni mzungumze mapema. Lakini kama kazi ni yako, mimi nasema kalamu ishike wewe. Barua za wahariri zikufikie wewe, na mtu wa Lusaka akitaka kuuliza kuhusu vipimajoto vyako aulize aliyevining'iniza.

La tatu: kwa majarida mchanganyiko, wachapishaji wengi hawatoi msamaha kabisa. Hoja yao ni kwamba unayo njia ya kuchapisha bure kwa kuiacha makala imefungwa. Ndiyo maana nilikutahadharisha juu. Na usidhani bei zote zinafanana. Wachapishaji wa jarida la Nature walipotangaza ada ya kufungua makala mwaka 2020 ilikuwa yuro 9,500.

La nne, nenda kwa mkutubi. Kweli, nyanyuka uende. Vyuo vyetu vina umoja wa maktaba, COTUL, ulio mshirika wa EIFL, taasisi inayojadiliana na wachapishaji kwa niaba ya maktaba za nchi zinazoendelea, na baadhi ya makubaliano hayo hufuta au hupunguza ada kwa waandishi wa nchi husika. Nimefundisha miaka mingi bila kulijua hilo, huku mkutubi akiwa ghorofa ya chini yangu. Alinionyesha orodha kwa dakika kumi.

Ombi lenyewe liwe fupi. Naliandika kwa Kiingereza kama jarida linavyotaka, lakini maana yake ni hii:

"Mimi ni mwandishi wa mawasiliano wa mswada huu na naajiriwa na chuo kikuu cha umma Tanzania. Nchi yangu iko Kundi A la Research4Life. Utafiti huu haukuwa na mfuko uliotenga fedha za uchapishaji. Vifaa vilinunuliwa kwa ruzuku ndogo ya chuo iliyokwisha. Hakuna mwandishi mwenzangu ambaye taasisi yake imekubali kulipa ada. Naomba msamaha wa ada yote, na naomba jibu la maandishi kabla mswada haujapelekwa kwa wahakiki."

Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Jibu likija, lihifadhi mahali pawili. Likija la nusu, andika tena mara moja useme wazi unaweza kulipa kiasi gani, hata kama ni sifuri. Likikataliwa, mswada bado ni wako. Uondoe uende jarida linalofuata kwenye orodha yako.

Ndani ya mswada: bati si hewa

Mswada wetu mmoja ulirudishwa na mhakiki aliyeandika sentensi moja tu pembeni ya ramani nzuri tuliyoitengeneza kwa wiki tatu: "Je, watu hawa wanalala juu ya paa?" Iliniuma siku mbili. Siku ya tatu nikaona ana haki.

Tulikuwa tumetumia joto la Landsat 8. Setilaiti hiyo, iliyorushwa 2013, hupita juu ya Dar es Salaam mara moja kila siku 16, karibu saa nne na nusu asubuhi. Inapima joto la uso: bati, lami, mchanga, majani. Haipimi hewa anayovuta mtoto aliyelala chini ya bati hilo saa sita usiku. Na shida ya joto la mjini ni ya usiku zaidi. Tangu mtaalamu wa hali ya hewa Luke Howard alipolinganisha London na mashambani mwanzoni mwa karne ya 19 ilijulikana kwamba tofauti kubwa hujitokeza jua likishazama. Sisi tulikuwa tumeandika "joto la wakazi" juu ya ramani ya mapaa ya asubuhi.

Kuna na jambo la bati lenyewe. Bati jipya linalong'aa hutoa mionzi ya joto kidogo sana likilinganishwa na saruji au udongo wenye joto lilelile. Setilaiti isiporekebishiwa tofauti hiyo hudhani limepoa. Bati lenye kutu halidanganyi kiasi hicho. Kila alama ya joto (pikseli) ya Landsat 8 asili yake ni mita 100 kwa 100, ina nyumba nyingi ndani, kwa hiyo eneo ambalo watu wengi wamebadilisha mabati karibuni laweza kuonekana lina nafuu, kumbe ukishika kitasa cha mlango unaungua. Sisi tunaojua sura ya mitaa yetu tunaweza kuliona hilo upesi kuliko mtu anayetazama ramani kutoka mbali. Liandike. Tembea, hesabu mapaa mapya na ya zamani kwenye njia uliyoichagua, weka picha. Aya hiyo ndiyo itakayowafanya wahakiki waamini zilizobaki.

Vivyo hivyo na kanda za tabianchi za mahali, ule mgawanyo wa maeneo katika aina 17 kwa kufuata majengo na uoto wake, uliotolewa na watafiti Stewart na Oke mwaka 2012. Kuna kanda ya 7, ya vibanda vya vifaa vyepesi, na wanafunzi hukimbilia kuipachika kila mtaa ambao viwanja vyake havikupimwa. Lakini nyumba nyingi za Vingunguti na Tandale ni za matofali ya saruji, zimebanana, zina bati juu. Zinaelekea zaidi kanda ya 3, ya majengo mafupi yaliyobanana. Kutopimwa kwa viwanja ni habari ya hati, na ukuta wa saruji ni habari ya joto. Tenganisha.

Andika pia majira kwa majina yake. Eleza kaskazi na kusi, vuli na masika, ndipo utoe tarehe. Msomaji wa Oslo hajui kwamba Februari kwetu ndiyo jasho, na mhakiki mmoja alituuliza kwa nini tumepima "majira ya baridi".

Data: toa, lakini usimtoe mtu

Majarida mengi huria sasa yanataka data iwekwe wazi. Naunga mkono kwa moyo wote, na Zenodo, hifadhi ya CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, iliyofunguliwa 2013, hupokea bure na kukupa DOI, namba ya kudumu ya kuitambulisha kazi yako. Lakini hapa nakuomba usimame kidogo.

Faili letu la kwanza lilikuwa na safu ya latitudo na longitudo za kila nyumba, kwa desimali sita. Desimali sita hukupeleka hadi mlangoni. Mwanafunzi wangu alikuwa amekwisha kulipakia, limebaki kubofya tu. Nikamuuliza: nani mwingine angependa kuwa na orodha ya nyumba zilizo kwenye mkondo wa mto Msimbazi, pamoja na taarifa kwamba maji huingia ndani? Watu wa bonde lile wamepitia mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu wapatao 40, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Wameona alama za X nyekundu kwenye kuta na bomoabomoa. Sasa kuna mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde, na fidia na mipaka ni mazungumzo ya kila siku. Waliponifungulia mlango hawakukubali kuwa ushahidi dhidi ya nyumba zao.

Tukaondoa viwianishi, tukabaki na jina la mtaa na umbali kutoka mtoni kwa makundi mapana. Tukaondoa idadi ya watu kwa chumba pale ambapo nyumba ingetambulika. Kwenye maelezo tukaandika kwamba viwianishi vimezuiwa kulinda wakazi, na mtafiti mwenye sababu aandike kwa kamati ya maadili ya chuo. Jarida lilikubali bila swali. Fanya hivyo wewe pia, na uifanye kabla ya kupakia, kwa sababu Zenodo ikishatoa DOI faili hilo halifutiki kirahisi.

Kwa ramani za msingi, mifereji na majengo, tumia OpenStreetMap. Dar es Salaam imechorwa kwa kina kutokana na mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, ambapo wanafunzi na wakazi walipita mtaa kwa mtaa. Taja kazi yao. Na barua zako zote, ya chuo, ya katibu tawala wa mkoa, ya wilaya, hadi ya mtendaji wa kata, zihifadhi zikiwa zimeskaniwa, kwa sababu mhariri atauliza namba ya kibali na wewe utakuwa umesahau kabati gani.

Wahakiki

Ukitaka kujua wahakiki huongeaje, usingoje wa kwako. Majarida ya EGU yanayochapishwa na Copernicus huweka maoni ya wahakiki na majibu ya waandishi hadharani. Atmospheric Chemistry and Physics lilianza utaratibu huo mwaka 2001. Wanafunzi wangu husoma mijadala mitatu kamili kabla ya kutuma kitu chochote. Hapo wanaona kwamba hata mabingwa huambiwa kichwa chao hakieleweki, na kwamba jibu zuri lina unyenyekevu na namba za mistari.

Jibu kila hoja, hata ya koma. Nakili maneno ya mhakiki, andika jibu chini yake, taja mstari uliobadilisha. Usipokubaliana, toa sababu na ushahidi, kisha ubadilishe sentensi hata hivyo, kwa sababu kama yeye hakuelewa wapo wengine. Yule wa "juu ya paa" tulimjibu kwa kuongeza vipimo vya usiku vya vyumba 12 na kubadilisha kichwa cha makala. Makala ikawa nyingine, na bora.

Leseni, na Kiswahili

Ukikubaliwa utaletewa fomu ya leseni. Wengi hubofya ya kwanza wanayoiona. Tafadhali soma herufi. CC BY, mojawapo ya leseni za Creative Commons, inamruhusu mtu yeyote kusambaza na kutafsiri kazi yako mradi akutaje. Ukiona ND ndani ya jina, maana yake hairuhusiwi kusambaza kazi iliyobadilishwa, na tafsiri ni mojawapo ya mabadiliko hayo. Ukiichagua CC BY-NC-ND umemzuia kijana wa Tandale kuitafsiri makala yako kwa Kiswahili na kuiweka kwenye kundi la mtaa. Mimi huchagua CC BY kila mara, kwa ajili hiyo hasa.

Mwandikie mhariri pia umuulize kama ikisiri ya Kiswahili inaweza kuambatanishwa kama faili la nyongeza. Nimeuliza mara nne, nikakubaliwa mara tatu. Mpe ikisiri iliyotulia, yenye istilahi zilezile makala nzima. Kama umechagua "kisiwa cha joto" usigeuke "fukuto la mji" mstari wa pili.

Na ile makala yangu ya kwanza, iliyofungwa? Kwa makala hiyo ilibaki njia ya kijani. Nilisoma sera ya mchapishaji nikaona naruhusiwa, baada ya kipindi cha zuio, kuweka nakala iliyokubaliwa, yaani ile faili yangu ya Word baada ya marekebisho ya wahakiki na kabla ya kupambwa na jarida. Niliitafuta kwenye flashi tatu. Basi wewe siku unapokubaliwa, hifadhi faili hilo palepale na ulipe jina lenye tarehe, kisha lipeleke kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo muda ukifika. Unganisha na ORCID yako, namba ya tarakimu 16, ili kazi zako zisichanganywe na za mwenye jina kama lako.

Usicheleweshe. IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, linaandaa ripoti maalumu kuhusu miji, iliyopangwa kukamilika 2027, na waandishi wake hutathmini kazi zilizokwisha kuchapishwa. Vipimo vilivyobaki kwenye tasnifu rafuni havitaonekana.

Hatua ya mwisho huifanya kwa miguu. Naandika kurasa mbili kwa Kiswahili: tulipima nini, wapi, tumeona nini, nini hatukuweza kupima. Napeleka nakala kwa mtendaji wa kata, kwa afisa mipango miji, kwa mwenyekiti wa mtaa, na moja naibandika kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya serikali ya mtaa, jirani na matangazo ya chanjo. Chini ya ukurasa naweka jina la leseni na DOI kwa herufi kubwa, zisomeke na mtu aliyesimama, na pembeni msimbo wa QR wa kupigwa kwa simu. Mara ya mwisho nilipokwenda, kijana mmoja aliupiga palepale. Makala ikafunguka. Akaanza kuisoma ile ikisiri ya Kiswahili kwa sauti, na mama mwenye ule ukuta, aliyekuja kufuata barua ya utambulisho ya mwanawe, akamwambia asome polepole.